Tairi la Mbele Likilika Upande, Kapime Nyuma

Ndugu madereva, mafundi na wenye malori, nawashukuru kwa kukubali kuyaacha magari yenu kwa saa moja ili tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulilipia, ajue asijue. Tairi hili lililoegemezwa mezani ni la 315/80R22.5, na lilifungwa mbele kushoto katika lori linalovuta trela kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Meno yake ya katikati bado ni marefu, lakini bega la nje limebaki kipara. Mwenye lori alinieleza kwamba hili lilikuwa la tatu kuharibika kwa namna ileile, ingawa kila alipofunga jipya alihakikisha kwanza kwamba alaimenti, yaani kuyapanga matairi yaelekee sawa, imefanywa. Je, ikiwa alaimenti ilifanywa mara tatu, kwa nini tairi liliendelea kulika?

Naomba dereva mmoja aje apitishe kiganja hapa, polepole, kutoka bega la nje kuelekea ndani, kisha akirudishe. Mmeona wenyewe: alipokwenda ndani mkono uliteleza, na alipourudisha nje ulikwaruzwa na ncha kali za meno. Ncha hizo hutokea tairi linapokuwa halielekei kule linakokwenda, hivyo huku likibingirika hukokotwa kando. Zikielekea ndani, kama hizi, maana yake ni kwamba tairi limeelekeza uso wake ndani kupita kiasi. Zikielekea nje, limeutanua uso nje.

Wako wanaoniambia kwamba milimita 3 si kitu. Tuhesabu pamoja. Tairi la ukubwa huu lina kipenyo cha takriban mita 1, kwa hiyo ikiwa umbali kati ya matairi mawili ya mbele unatofautiana kwa milimita 3 ukipimwa mbele na ukipimwa nyuma yake, kila tairi linakokotwa kando kiasi cha mita 1.5 katika kila kilomita moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Ina maana kwamba katika safari moja ya kwenda tu, tairi limesuguliwa kando kwenye lami kwa zaidi ya kilomita 1.3, likiwa na mzigo juu yake.

Hata hivyo, kupapasa tairi moja hakutoshi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Ni lazima tairi la kulia nalo lipapaswe. Ikiwa yote mawili yana ncha zinazoelekea ndani, au yote mawili nje, basi kosa liko kwenye tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, nayo irekebishwe. Lakini katika lori lile ncha za tairi la kushoto zilielekea ndani na za kulia zilielekea nje, yaani zote zilitazama upande mmoja wa barabara, na tairi la kulia lilikuwa limelika bega la ndani. Hapo tairodi haina hatia. Kuna kitu nyuma kinachoisukuma pua ya lori kushoto, na dereva, siku nzima, anaushika usukani akiirudisha kulia. Nilipomuuliza dereva, alikiri kwamba usukani haukuwahi kukaa sawa hata kwenye barabara iliyonyooka, ila alidhani ni mteremko wa lami kuelekea pembeni. Mteremko huo kweli huvuta gari kushoto katika nchi zetu tunaoendesha kushoto, lakini si kwa kiasi kile.

Tulichukua futi kamba ya kawaida. Tulipima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya ekseli ya kati hadi katikati ya habu ya ekseli ya nyuma, kushoto kisha kulia, na upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa milimita 9, ilhali tofauti inayozidi milimita 3 tayari ni ugonjwa. Bushi, yaani mpira wa kwenye ncha, ya fimbo inayoizuia ekseli ya kati isirudi nyuma ilikuwa imekwisha, na ekseli ilikuwa imekaa mshazari. Bushi moja ilikuwa imekula matairi matatu. Mafundi wa alaimenti walipima ekseli ya mbele peke yake, na walichopima walikipima vizuri.

Kwa sababu hiyo nasisitiza mpangilio wa kazi: upepo upimwe kwanza, asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, kwa kuwa upepo mdogo hula mabega yote mawili na upepo mwingi hula katikati, kisha gari lipigwe jeki, na kingipini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia), beringi na ncha za tairodi zitikiswe kwa mikono, kwa maana hakuna mashine inayoweza kupanga kitu kinachocheza, kisha ekseli za nyuma, na mwisho kabisa, tairodi. Mashimo mashimo yanayojirudia kuzunguka tairi ni habari nyingine, ya shokapu au ya tairi lisilobalansiwa, nayo tutaigusa mchana.

Trela lisisahaulike. Pimeni kutoka kingipini ya trela, ile pini inayoliunganisha na kichwa cha lori, hadi kila ncha ya ekseli yake ya kwanza. Pande zote mbili zilingane, tofauti isizidi milimita 3. Nina uchungu na jambo hili kwa sababu tairi la mbele linalopasuka kwenye kona za mlima Kitonga, katika barabara hiyohiyo ya Tunduma, halimpi dereva nafasi ya kufikiri.

Lori liko nje, limeegeshwa mahali palipo sawa, na breki ya mkono haijavutwa ili ekseli zisikazwe, vigingi vimewekwa. Futi kamba ziko mbili. Tugawanyike, nusu upande wa kushoto na nusu wa kulia, na kila kundi liandike vipimo vyake kabla ya kuviona vya wenzake.