Pweza wa Minyiri Sita: Mhadhara juu ya Filamu za Madubwana za Miaka ya 1950

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu na wanafunzi, wale mliowahi kunisikia nikizungumzia filamu za madubwana za bei ndogo mnajua kwamba kila nianzapo huishia kwa pweza, kwa hiyo leo nitaanza naye ili angalau tusipoteze muda njiani.

Filamu iitwayo It Came from Beneath the Sea ilitoka mwaka 1955. Pweza mkubwa kupita kiasi anafukuzwa kilindini na majaribio ya bomu la haidrojeni, anavuka Bahari ya Pasifiki, anafika San Francisco na kuling'ang'ania daraja la Golden Gate mpaka linameguka. Yeyote aliyewahi kununua pweza pale Feri anajua kwamba kiumbe huyu ana minyiri minane. Huyu wa sinema ana sita. Fundi wake, Ray Harryhausen, alikuwa akisogeza sanamu ndogo kwa mkono, anapiga picha moja, anaisogeza tena kidogo, anapiga nyingine, na sekunde moja ya filamu inahitaji picha 24. Kila mnyiri ulikuwa na viungo vyake ndani na ulipaswa kusogezwa peke yake, tena peke yake kila mara. Fedha zilikuwa kidogo, muda ulikuwa mfupi, basi minyiri miwili ikafutwa katika hesabu kabla haijatengenezwa.

Kisa hiki husimuliwa ili watu wacheke, na mimi sina ugomvi na kicheko. Nina ugomvi na wanaokomea hapo. Mtu aliyenyimwa minyiri miwili analazimika kujiuliza mtazamaji anahitaji kuona nini hasa, na Harryhausen alijibu swali hilo vizuri kuliko wengi waliopewa kila walichoomba. Kiwiliwili cha pweza hubaki majini karibu muda wote, kwa hiyo macho hayapati nafasi ya kuhesabu. Kisha mnyiri mmoja unapanda nchi kavu, unatambaa barabarani pale bandarini, unasita, unapapasa kama kipofu anayetafuta ukuta, halafu unajitupa juu ya watu wanaokimbia. Mnyiri ule unaigiza. Una nia, una shaka, una hasira, na haya yote yamewekwa na vidole vya mtu mmoja aliyefanya kazi akiwa amejifungia peke yake.

Nisisahau habari ya daraja lenyewe, ingawa najua Mwenyekiti anaitazama saa. Wasimamizi wa Golden Gate walikataa kushirikiana na watengenezaji, wakihofu kwamba umma ungeanza kulitilia shaka daraja lao, na kwa mujibu wa simulizi ya Harryhausen mwenyewe, kamera ilifichwa nyuma ya gari la mikate, likapitishwa darajani huku na huku mpaka picha zikatosha. Hebu lifikirini jambo hili kwa utulivu: watu wazima, wenye vyeo na mihuri, walimwogopa pweza wa mpira. Siwezi kuwapa ushahidi mkubwa zaidi ya huo kwamba kitu cha bei ndogo kinaweza kubeba hofu ya kweli.

Hapa kijana mmoja huniambia kwamba kompyuta ya leo ingemtengeneza pweza huyo akiwa na minyiri yote minane, ngozi yake ikimeremeta. Ndiyo, ingemtengeneza, na tungemwona mzima tangu dakika ya tano, nasi tungemzoea kufikia dakika ya saba. Bibi anaposimulia hadithi ya zimwi hamwelezi kuanzia utosini hadi unyayoni. Anatoa sauti yake, anataja jicho moja, anakohoa, na watoto wanajaza sehemu iliyobaki. Filamu ya Them! ya mwaka 1954, ambayo madubwana yake ni siafu wakubwa kuliko magari katika jangwa la New Mexico, hukaa karibu nusu saa bila kuonyesha hata mmoja. Inatupa mtoto wa kike aliyepotelewa na sauti, sukari iliyomwagika sakafuni, na mlio wa ajabu unaopanda na kushuka pamoja na upepo. Mnaweza kusema kwamba siafu wale walikuwa ghali na wazito kuendesha, ndiyo maana walifichwa. Bila shaka. Lakini ubahili uliozaa subira ni bora kuliko ukarimu uliozaa kelele.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mimi sitalikwepa: nyingi za filamu hizi zilikuwa mbaya. Zilikuwa mbaya, naam. Katika The Giant Claw ya mwaka 1957 dubwana ni ndege wa kutoka anga za mbali, ambaye kwa shingo yake na macho yake yaliyotoka anafanana na kuku aliyepewa habari za msiba. Waigizaji walicheza sehemu zao bila kumwona ndege huyo, na Jeff Morrow, mwigizaji mkuu, alisimulia baadaye kwamba alimwona kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa sinema wa mji wao, akasikia watu wanavyocheka, akatoka kimyakimya kabla taa hazijawashwa.

Lakini mtazameni Morrow mwenyewe ndani ya filamu hiyo. Anaongea juu ya ndege yule kwa uso wa mtu anayejua kwamba jiji zima linaweza kuangamia kabla ya alfajiri. Hakonyezi jicho. Wala haombi radhi. Katika Creature from the Black Lagoon ya mwaka 1954 hadithi inasimama kabisa ili mwanasayansi aeleze habari za samaki mwenye mapafu, wa ukoo mmoja na kamongo wetu wa Ziwa Victoria, na jinsi uhai ulivyojaribu kutoka majini na kupanda nchi kavu. Hakuna aliyewaza kwamba mtazamaji aliyelipa kiingilio kidogo hastahili kupewa fikra. Nimechoshwa na filamu za siku hizi zinazoigiza ubaya kwa makusudi na kutucheka sisi tuliokuja kuzitazama, kwa sababu zimechukua mpira na gundi za mwaka 1955 na kuiacha imani iliyoziunganisha.

Sasa nilipaswa kuzungumza kwa kirefu juu ya bomu, nami nimekwisha kula muda wake. Niseme tu kwamba siwakubali wale wasomi wanaomgeuza kila mdudu kuwa bomu la nyuklia, kana kwamba mtoto wa Ohio alikwenda sinema kusikiliza hotuba. Mahali ambapo hoja hiyo haina ubishi ni Japani. Tarehe 1 Machi 1954 jaribio la bomu la Marekani huko Bikini, kisiwani katika Pasifiki, liliwamwagia majivu yenye mionzi wavuvi 23 wa chombo kilichoitwa Daigo Fukuryū Maru, na mmoja wao akafariki mwezi Septemba. Mwezi Novemba mwaka huohuo ikatoka Gojira, yaani Godzilla, ya Ishirō Honda, ambayo inaanza kwa mabaharia wanaopigwa na mwanga mkali baharini. Ile haikuwa filamu ya bei ndogo kwa viwango vya Japani, kwa hiyo naiacha.

Kuhusu biashara nitapita haraka. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu iliyozilazimisha kampuni kubwa za filamu kuachana na kumbi zao, televisheni ikawabakiza watu wazima nyumbani, na vijana wenye magari wakajaa katika sinema za wazi, za aina ile iliyokuja kuwapo kwetu Msasani. Kampuni ya American International Pictures, iliyoanzishwa mwaka 1954, ilikuwa na desturi ya kubuni jina, kisha kuchora bango, na mwisho kabisa kutafuta mtu wa kuandika hadithi.

Naambiwa zimebaki dakika mbili, basi nitazitumia kwa Milicent Patrick. Ndiye aliyechora umbo la yule kiumbe wa Black Lagoon, magamba, matamvua na midomo ile yenye huzuni, na kampuni ya Universal ikamzungusha katika miji ya Marekani kuitangaza filamu. Mkuu wake wa idara, Bud Westmore, hakupendezwa na sifa hizo, na Patrick hakupewa tena kazi ya usanifu katika studio ile. Filamu inapoanza, jina linalosomeka kwenye skrini ni la Westmore. Jina la Patrick halimo. Kwa miaka mingi vitabu vilinakili kilichoandikwa kwenye skrini, na wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu wanaweza kuanzia hapo, kwa sababu katika studio zile kulikuwa na mikono mingine mingi iliyofanya kazi bila kutajwa. Maswali sasa, tafadhali, na yule aliyekuwa akicheka pale nyuma nilipomtaja kuku aanze.