Neno Kwanza, Daftari Baadaye

RESTI: Tumsifu Yesu Kristo.

DEO: Milele amina. Karibuni tena wapendwa. Dada Resti, leo umekuja na la jumuiya.

RESTI: Ndiyo, kaka Deo, na linaniuma. Wasikilizaji wanatuuliza, "Nasali kila siku lakini moyo mkavu, nifanyeje?" Mimi nasema tuanzie jumuiyani, Jumamosi asubuhi pale kwa jirani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1976 kuzungumzia ujenzi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, ili imani iishi mtaani, kati ya watu wanaojuana. Sasa angalia jumuiya zetu nyingi. Rozari mbiombio, Injili inasomwa mara moja, kisha linafunguliwa daftari la michango. Hapo ndipo tunapokaa mpaka jua linawaka.

DEO: Lakini michango nayo ina kazi yake. Kanisa la kigango halijijengi.

RESTI: Halijijengi, kweli. Ila mtu amekuja na njaa. Mlishe kwanza.

DEO: Kwa namna gani? Wengi wanasema, "Mimi si katekista, nitasema nini juu ya Injili?"

RESTI: Ndiyo maana naipenda njia ya hatua saba, ile iliyotoka Lumko, taasisi ya kichungaji ya Afrika Kusini. Haitaki mtaalamu. Mnamkaribisha Bwana, mnasoma Injili ya Jumapili inayofuata. Kisha mwenye neno lililomgusa analitamka polepole, hata mara tatu, bila kulieleza. Mnanyamaza. Ndipo mnashirikishana, hakuna kuhubiriana. Baadaye mnajiuliza Bwana anatutuma nini wiki hii, nani mgonjwa, nani kafiwa. Mnafunga kwa sala.

DEO: Kunyamaza ndiyo shughuli. Sisi kikipita kimya kidogo tu, mtu kaanzisha wimbo!

RESTI: Na kimya hicho ndicho chenye chakula. Juzi tulisoma habari za Bartimayo, yule kipofu aliyempazia Yesu sauti kando ya njia, Marko sura ya 10. Mama mmoja muuza maandazi akashika maneno matatu: "Akatupa vazi lake." Akayarudia, akainamisha kichwa. Tulipofika kwenye kushirikishana akasema, huyu ni ombaomba, vazi si ndilo alilotandika chini watu wamtupie sarafu? Na amelitupa akiwa bado kipofu. Hajapona, wala hajaambiwa kwamba atapona.

DEO: Ebu subiri. Na lile vazi usiku ndilo la kujifunikia maskini. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaagiza ukichukua vazi la mtu rehani, umrudishie kabla jua halijatua. Kwa hiyo katupa riziki na blanketi kwa mpigo mmoja. Mahubiri yote ya Bartimayo niliyosikia ni ya kupaza sauti tu!

RESTI: Mama yule anajua maana ya kutandika chini ukingoja wateja, ndiyo maana aliliona. Akamalizia, "Yesu akiniuliza, Wataka nikufanyie nini, nitamjibu huku nimeng'ang'ania nini?" Hakuna aliyeongeza neno.

DEO: Na ambaye Jumamosi yuko kazini? Mlinzi, muuguzi wa zamu?

RESTI: Achukue kalenda ya liturujia, Jumatatu asome Injili ya Jumapili ijayo. Asikimbilie sura tatu kwa siku. Ashike kifungu kimoja, akiseme moyoni kwenye daladala, Alhamisi aisome tena Injili ileile. Ataona alichokiruka. Lakini siku akipata nafasi aende jumuiya, kwa sababu lile la vazi mimi peke yangu chumbani nisingeliona kamwe.

DEO: Wenyeviti wa jumuiya wanakusikiliza, dada.

RESTI: Nawaomba kwa heshima zote: daftari libaki kwenye mkoba mpaka sala ya mwisho. Jaribuni Jumamosi hii, kisha mtutumie ujumbe wa sauti mtuambie ni maneno gani yalishikwa.