Presha Imerudi, Figo Je?

Wakunga na madaktari wenzangu, naanza na mama tunayemjua sote. Amejifungua salama, kisha damu ikafunguka kama bomba. Mmekanda tumbo la uzazi, mmempa oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, mmemtundikia chupa mbili za damu. Presha ya juu iliyokuwa 70 sasa inasoma 110. Chumba kizima kinashusha pumzi. Lakini inama utazame mfuko wa mkojo: vijiko viwili tu, umekolea kama chai ya mkandaa.

Figo zote mbili hazifiki hata asilimia 1 ya uzito wa mwili, ila mtu akiwa ametulia zenyewe hupokea kati ya humusi na robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, lita 1 hivi kila dakika. Damu ikipungua, mwili hubana matumizi. Ubongo na moyo vinapewa kwanza. Ngozi, utumbo na figo vinaambiwa visubiri. Mishipa ya figo inajifunga, na ndiyo maana presha ya mkononi inaweza kupendeza huku figo bado zina kiu. Tukingoja kreatinini, taka ya damuni inayochujwa na figo, ipande, hiyo ni kesho au keshokutwa, na madhara yameshapita.

Sasa, ile probu ya ultrasaundi mliyoweka ubavu wa kulia kutafuta damu iliyotuama kati ya ini na figo, msiiondoe upesi. Figo iko hapohapo. Washeni Doppler ya rangi, inayoonyesha damu inavyokwenda, mwombeni mama azuie pumzi kidogo, mtafute kiateri, mshipa mdogo unaoleta damu, kando ya piramidi ya ndani ya figo, msubiri mawimbi matatu yanayofanana. (Christian Doppler mwenyewe, mwaka 1842, alikuwa akieleza rangi za nyota. Sidhani kama figo ilimpitia akilini.)

Tazameni mkia wa wimbi. Kwenye figo yenye raha, hata moyo unapopumzika damu inaendelea kuingia. Tuseme kasi ya damu kwenye kilele ni sentimita 50 kwa sekunde na kwenye mkia ni 20. Toa 20 kwenye 50, gawanya kwa 50: unapata 0.6, namba ya ukinzani wa mishipa (resistive index), kawaida kabisa. Mishipa ikibana, kilele labda kitakuwa 40 na mkia 8. Hapo ni 0.8, nasi mpaka wetu ni 0.7. Wakati mwingine mkia unazama mpaka kwenye mstari, yaani moyo ukipumzika hakuna kinachoingia.

Msiiabudu namba hiyo, tafadhali. Haipimi ni mililita ngapi zinapita. Mzee mwenye mishipa migumu atakuwa nayo juu hata kama hajachubuka kidole. Mapigo yakienda taratibu inapanda, tumbo likijaa na kukaza inapanda. Mimi namba moja hainishtui. Nataka mbili za mgonjwa yuleyule: moja kabla ya damu kuongezwa, nyingine saa moja baadaye. Ikishuka, mishipa imeanza kuachia. Ikikaa palepale, ulizeni kama kweli damu imekata, maana tumbo la uzazi hujaza kimyakimya.

Na kabla hamjaongeza dripu nyingine, piteni kwenye vena za ndani ya figo, mishipa inayorudisha damu. Mkondo wake huenda polepole bila kukatika. Ukianza kukatika vipande vipande, mgonjwa huenda ameshajazwa maji kupita kiasi, na figo iliyovimba kwa maji haipati damu vizuri kuliko ile yenye kiu.

Dada pale mbele anasema zahanati yao haina Doppler. Sawa. Mnayo saa ukutani na mpira wa mkojo. Mama wa kilo 60 atoe angalau mililita 30 kila saa. Mfuko wenu kama alama zake zinaanzia 100, msikisie kwa macho: umwageni kwenye kopo safi, mvute kwa sirinji kubwa, msome, mwandike na saa yake.