Orodha ya Wapiga Kelele

Walimu wenzangu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, shikamoo zenu nimezipokea, hata za wale ambao hawajazitoa.

Nimeombwa nizungumzie nidhamu darasani. La fimbo tulimalize kwanza, maana najua ndilo mnalolisubiri. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinasema anachapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi; visizidi viboko 4; na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwalimu anayetembea na stiki kwapani tangu paredi hadi kengele ya mwisho yuko nje ya kanuni. Mimi nilikuwa huyo mwalimu kwa miaka mingi. Tuendelee.

Nani hapa hajawahi kuandikwa mpiga kelele? Mwalimu anaitwa ofisini, anamwachia kiranja karatasi. Akirudi anakuta majina 18, anachapa 18, haulizi kwa nini rafiki zake kiranja hawamo. Mimi nilikuja kugundua muhula umeshaisha: darasani kwangu jina lilifutwa kwa kipande cha muhogo, na la mkorofi sugu kwa vipande viwili. Darasa la nne, watoto wameshajua rushwa, na kitabu cha kiada nimewaandikia mimi.

Nikageuza. Nikamwambia kiranja, kuanzia leo andika aliyefanya jema, na jema lenyewe ulitaje. Nilijiona mjanja kweli. Wiki ya kwanza ilipendeza. Ya pili chaki zikaanza kupotea: mtu anaificha asubuhi, saa nne anaileta, "Mwalimu, nimeokota!" Kosa lilikuwa langu, kila jina nilikuwa nalipa penseli. Nikaacha penseli, nikabaki na neno. Na neno lenyewe lisiwe la jumla. Ukimwambia "mtoto mzuri" hujamwambia kitu. Mwambie, "Nimeona umempisha mwenzako kwenye dawati bila kuambiwa," hapo anajua cha kurudia kesho. Ila vijana wa darasa la sita usiwasifu mbele ya wenzao, utawaharibia. Pita karibu na dawati, unong'one, nenda zako.

Mtasema darasa lina watoto 90. Sawa. Chukua 3 kwa siku, kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio. Siku 30 za masomo umewamaliza. Hiyo kazi hata somo la Historia ya Tanzania na Maadili haliwezi kukufanyia, maana linaishia kengele ikilia.

Sasa la Kibirizi, kule Kigoma kando ya ziwa, ambalo bado linaniuma. Nikiwa mwalimu wa nidhamu, kulikuwa na kijana wa kusinzia. Anasinzia, anachapwa, kitabuni naandika "uvivu". Siku moja nikawa nakagua kile kitabu. Nikaona jina lake linafuatana siku kadhaa, kisha linapotea wiki nzima, kisha linarudi. Nyie watu wa Kigoma mmeshacheka, mmeshaelewa. Mimi mtu wa kuja kutoka Tabora, tuliozoea tumbaku na asali, ilinichukua muda kujua kwamba ni mwezi. Kukiwa giza, wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, alfajiri dagaa wanashushwa mwaloni. Mbalamwezi ikishika, wanapumzika. Kijana alikuwa anamsaidia mama yake kuanika kabla ya kuja shule. Huyo niliyemwandika mvivu alikuwa kazini mimi nikiwa bado nimejifunika shuka.

Nilimwita, nikamwambia nimekukosea, na uchapakazi wake nikautaja kuwa ni uchapakazi. Mama naye alikuja, tukakubaliana mtoto aende mwaloni alfajiri ya Jumamosi tu. Makubaliano yalishika wiki mbili, tatu. Njaa haiweki saini. Kijana aliendelea kusinzia siku nyingine. Lakini sasa alikuwa anakuja mwenyewe asubuhi kabla ya kipindi, "Mwalimu, leo nimetoka mwaloni." Kwa fimbo zote zile, hilo sikuwahi kuambiwa.

Haya, toeni kalamu. Andika jina la mwanafunzi wako anayekusumbua kuliko wote. Chini yake andika jambo moja jema ulilomwona akilifanya wiki hii, kwa macho yako. Nawapa dakika tano.

Mwalimu wa pale nyuma, wa shati la bluu, usichungulie ya jirani.