Mwana wa Mhunzi Chuoni

Assalaam alaykum, wazazi wangu, na nyinyi vijana mliorudi Lamu likizo. Sogeeni mbele, hapa Mkunguni kusi ikivuma, maneno yote huishia baharini.

Nimeombwa nieleze kwa nini wanafunzi wawili wa chuo kikuu, darasa moja, mmoja anawaza biashara na mwenzake anangoja barua ya ajira. Jibu la barazani ni mtaji. Sikatai, lakini wapo wasio na senti wanaowaza biashara usiku kucha.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia Icek Ajzen aliandika kwamba nia ya kufanya jambo husimama juu ya mambo matatu: mtu anavyoiona shughuli yenyewe, watu wake wanavyomtarajia, na imani yake kwamba ataiweza. Nitalishika la pili, maana ndilo letu. Mwaka 2000 mtafiti Krueger na wenzake waliwapima wanafunzi huko Marekani nia yao ya kuanzisha biashara, na kauli ya jamaa ikaonekana haina uzito. Nilicheka: hawa hawajakaa na mama wa Kiamu! Kisha mwaka 2009 watafiti Liñán na Chen, waliochunguza wanafunzi wa Hispania na Taiwan, wakaonyesha kuwa neno la jamaa hupitia mlango wa uani. Halisukumi nia lenyewe. Kwanza hugeuza kijana anavyoipenda kazi na anavyojiona anaiweza.

Hapo nikawakumbuka mafundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mwana wa fundi wa jahazi, hata akisomea uhasibu, ameshasikia bei ya mbao ikibishaniwa, ameshamwona babake akipokea arubuni, akachelewesha kazi, akaomba radhi, na kesho yake mteja yuleyule akaja kunywa kahawa. Hasara haimtishi kama inavyomtisha mwenzake. Na binti aliyehesabu chenji za mahamri tangu darasa la nne ana somo ambalo sisi wahadhiri hatujui tulifundishe vipi.

Lakini siku anapopata nafasi ya chuo, mamake humwambia: "Nimekusomesha usije ukashika sinia kama mimi." Simlaumu, ada ameilipa kwa sinia hilohilo. Ila binti amesikia kwamba kazi aliyoijua vizuri kuliko zote ni ya kukimbiwa.

Basi likizo hii, mwenye duka ampe mwanawe daftari la madeni, akadai mwenyewe.