Bolti Iliyokatikia Ndani: Mhadhara kwa Mafundi Vijana wa Gerezani

Ndugu wakufunzi, mafundi wenzangu na vijana mnaojifunza kazi, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutoa bolti zilizokatikia ndani ya injini ya trekta kuukuu. Nitaanza na jambo ambalo hatupendi kulikiri: bolti nyingi nilizowahi kuletewa hapa Gerezani, Dar es Salaam, zikiwa zimekatika zilikatwa na mkono wa fundi mwenye haraka, kutu ikiwa imemsaidia tu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hujaza upenyo wote uliopo baina ya nyuzi za bolti na nyuzi za tundu, na trekta lililoachwa nje misimu miwili ya masika kule Kigamboni, ambako upepo wa bahari huja na chumvi, hufungamana kana kwamba limechomelewa.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana ndefu, sugua nyuzi kwa brashi ya waya, zilowanishe, kisha ugonge kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi, ili mafuta yapenye. Wengi wetu hutumia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, nayo si mbaya ukiwa na usiku mzima wa kusubiri. Mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, hupenya vizuri zaidi, ila hujitenga, hivyo utikise chupa kila unapoutumia. Tena hushika moto upesi mno, na anayeumwagia bolti kisha akawasha gesi hapohapo anajitafutia hospitali.

Unapoanza kufungua, kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze, na urudie. Sikiliza. Bolti inayoachia hutoa mlio mkavu, kisha mkwaruzo. Inayotaka kukatika haisemi kitu: spana huanza kwenda kwa ulaini, kama unakunja tawi bichi, na ukiuondoa mkono hurudi kidogo. Mkisikia ulaini huo, acheni palepale, rudini kwenye mafuta au kwenye moto.

Sasa, imeshakatika. Ikiwa kipande kimebaki kimechomoza, hata kwa milimita chache, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchomelea nati juu yake. Chagua nati ambayo tundu lake linakiacha kipande kikaonekana vizuri, anzia kuchomelea katikati, juu ya kipande chenyewe, ukijaza kuelekea kuta za nati. Hedi, yaani kichwa cha injini, ikiwa ya chuma cha kusubu haishikamani vyema na elektrodi ya kawaida, jambo ambalo hapa linatusaidia. Joto lile hukitanua kipande na kuivunja kutu. Subiri wekundu upotee, halafu uzungushe taratibu, mbele na nyuma. Nati ikichomoka, chomelea nyingine; mimi nimewahi kufika ya tano. Usimwagie maji ili kuharakisha, kwa sababu chuma cha kusubu hupasuka kikipoa ghafla.

Ikiwa kimekatikia chini ya uso wa hedi, itabidi utoboe, na hapo kazi yote iko kwenye alama ya katikati. Sawazisha uso wa kipande kwanza, piga panchi, yaani chuma chenye ncha cha kutia alama, kidogo tu, tazama kwa tochi kutoka pande mbili, isahihishe, ndipo upige kwa nguvu. Anza na biti nyembamba, kwa mwendo wa polepole na mafuta. Ukiipata biti inayokata kwa mzunguko wa kushoto, itumie, kwa kuwa mara nyingi kipande hutoka nayo chenyewe.

Kuhusu izi-auti, kile kifaa kinachokazwa ndani ya tundu ulilotoboa ili kikizungushe kipande kitoke, nina kinyongo nayo, nami sifichi. Niliwahi kuivunjia ndani ya hedi ya trekta la Massey Ferguson 135 kwa kuikaza kwa hasira. Chuma chake ni kigumu kuliko biti zetu za kawaida, hivyo nilichokuwa nacho sasa ni tundu lililozibwa na kitu kisichotoboleka, na siku mbili za kukisaga kwa kijiwe kidogo cha mashine ya mkono.

Jambo la mwisho ni vipimo. Massey Ferguson 135 lilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, na injini yake ya Perkins hutumia zaidi nyuzi za inchi. Bolti ya tatu kwa nane ya inchi ina kipenyo cha milimita 9.5 hivi, nayo huwa na nyuzi 16 au 24 kwa kila inchi; ukiilazimishia tapu, yaani kifaa cha kukatia nyuzi, ya milimita 10 umeliharibu tundu ulilolihangaikia kutwa nzima. Chukueni geji ya nyuzi mpime bolti ya jirani yake kabla ya kununua mpya.

Tusogee kwenye benchi. Kuna hedi yenye bolti tatu zilizokatika, moja imechomoza na mbili zimezama. Nani anashika panchi?