Pima tanini ya mtama kwa jiki, usidanganywe na rangi

Haya, karibuni tena. Mezani kuna mtama mwekundu na mtama mweupe. Muulize mtu yeyote sokoni hapa Dodoma upi una tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni, ataonyesha mwekundu hata kabla hujamaliza swali. Huenda kapatia, huenda kakosea. Wekundu uko kwenye ganda la nje, tanini iko kwenye tabaka jembamba chini ya ganda, na kuna mtama mwekundu ambao tabaka hilo hauna kabisa. Kwa hiyo leo tunaliondoa ganda kwa jiki, tuone kilichopo chini: tabaka la tanini likiwepo, punje itaonekana nyeusi.

Unahitaji jiki yenye haipokloriti, ile dawa yenyewe inayong'arisha, asilimia 3.5, soma chupa. Iliyokaa juani imeshapoteza nguvu. Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Glavu, miwani, glasi tatu, chujio la chai ambalo halitarudi jikoni. Bakuli la alumini weka mbali, kostiki inalila.

Jiki mililita 100, kostiki gramu 5. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye jiki, kidogo kidogo, huku unakoroga. Itapata joto, usishtuke. Na jiki hii isikutane na siki, wala limau, wala dawa ya choo: inatoa gesi ya klorini, na hiyo haina mchezo na mapafu. Ndiyo maana niko nje chini ya mwembe.

Sasa hesabu punje 100 za mtama unaoupima, weka glasi ya kwanza. Nzima! Narudia, nzima. Iliyovunjika au yenye ukungu inaacha doa jeusi, na wewe utaiandika tanini. Kwenye glasi ya pili weka mtama unaojua una tanini, ya tatu usio nayo. Mimi natumia mbegu za Serena, yenye tanini, na Macia, isiyo nayo, zote zipo dukani. Bila hizo mbili utakuwa unabahatisha.

Mimina mpaka punje zifunikwe. Dakika 20, na kila baada ya dakika 5 unazungusha glasi. Baraka, weka saa. Baraka! Simu inapiga picha meza, mwanangu, inua.

Tukisubiri niseme kidogo. Tanini ni mojawapo ya fenoli, kundi la kemikali za mimea, na mmea hautengenezi hizo kwa kutupendezesha. Tanini hushikamana na protini, mate yako yana protini, ndiyo ule ukakasi mdomoni. Kweleakwelea akitua shambani mtama ukiwa bado na maziwa, anakutana na ukakasi huohuo. Akiwa na shamba jingine jirani, anahamia huko. Akikosa, atakula tu, msije mkaniambia niliwadanganya. Ukungu nao hupata tabu zaidi kwenye punje ya namna hii, mvua ikichelewa kukatika. Serena ilitoka kituo cha Serere, Uganda, na wakulima wengi wameishika kwa sababu ya ndege. Macia ni tamu, nyeupe, inauzika, lakini utashinda shambani na teo.

Shoo! Baraka, mtoe huyo kuku, atakunywa jiki! Kuku mwenyewe ukimlisha mtama wa tanini nyingi hanenepi vizuri, protini inafungwa asiipate yote.

Saa imelia. Hapa ndipo penye kazi, sikilizeni. Dakika 20 zikifika, chuja. Usiseme ngoja nimalizie simu. Ukizidisha, hata lile tabaka jeusi linaanza kuliwa, punje yenye tanini inapauka na hutajua. Ukipunguza, ganda linabaki. Dakika 20, chuja, suuza kwa maji mengi, tandaza kwenye tishu, kausha kwa kugandamiza.

Baraka, sogea. Karibu zaidi. Haionekani... kivuli chako hicho. Haya, hapo. Punje yenye tanini ni nyeusi mwili mzima, isipokuwa kwenye kiini panapopauka kidogo. Isiyo nayo ni nyeupe, au ina kahawia upande mmoja. Kahawia upande mmoja si tanini! Linganisha na glasi zako mbili, usilinganishe na kumbukumbu.

Hizi nyeusi ni 91, nyeupe 9. Mbegu hii imechanganyika, na kwa nje zote zilikuwa nyekundu.

Ila hapa tumejua ngapi zina tanini, hatujajua kiasi. Kiasi ni cha maabara: unga unalowekwa kwenye methanoli, kisha dawa ya wanasayansi Folin na Ciocalteu, waliyoitangaza mwaka 1927, pamoja na sodiamu kaboneti. Inageuka buluu, mashine inapima ubuluu huo kwa mwanga wa nanomita 765, jibu linatolewa kwa kulinganisha na asidi ya galiki, fenoli inayotumika kama kipimo. Hiyo inahesabu fenoli zote, hata mtama mweupe utasomeka, kwa hiyo mtu akikuletea namba muulize ni fenoli zote au tanini peke yake.

Mimi ugali wangu ni wa mwekundu, na mlenda, ukakasi nauzoea.

Dawa iliyobaki ichanganye na ndoo nzima ya maji, mwaga mbali na kisima na mbali na choo, mkojo na jiki haviivi. Punje hizi usimpe kuku. Baraka, zima.